MGANGA HAJIGANGI

Mwaka jana babu yangu, hapa Ogwedhi, alianza kushindwa kufika mnadani. Akitembea kidogo tu, shavu la mguu linabana, akisimama, linaachia. Daktari akasema mishipa ya damu inaziba. Nyumbani tuliogopa eti mguu utakatwa! Ndipo nikaanza kusoma habari za John Hunter.

Hunter alizaliwa Uskoti mwaka wa 1728, kitinda mimba wa watoto kumi. Shule hakuipenda, akaiacha mapema. Mwaka wa 1748 alikwenda London kumsaidia kaka yake William, aliyefundisha muundo wa mwili wa binadamu. Hakuwa malaika, kwani maiti nyingi walizopasua ziliibwa makaburini. Lakini bidii alikuwa nayo, na mwaka wa 1768 akawa daktari mpasuaji wa hospitali ya St George's.

Desemba 1785 aliletewa mwendesha gari la farasi. Mshipa mkubwa nyuma ya goti lake ulikuwa umevimba, karibu kupasuka. Siku hizo mgonjwa kama huyo mara nyingi alikatwa mguu au alikufa. Hunter akaufunga mshipa huo juu zaidi, pajani, mahali ulipokuwa mzima. Je, mguu haukuoza kwa kukosa damu? La hasha! Ndugu msomaji, mvua ikivunja daraja, si watu hupitia vijia vya pembeni mpaka vikawa njia? Basi vijishipa vidogo vilipanuka, vikabeba damu. Baada ya wiki sita hivi, yule bwana aliondoka hospitalini na miguu yake yote miwili.

Ama kweli, mganga hajigangi. Tangu mwaka wa 1773 Hunter mwenyewe aliumwa kifua, hasa akikasirika. Tarehe 16 Oktoba 1793 alibishana na wenzake mkutanoni pale St George's, akatoka nje ya chumba, akaanguka, akafa. Alikuwa na miaka 65. Walipompasua walikuta mishipa ya moyo wake imekuwa migumu kama mfupa. Vijia alivyovitegemea kwenye paja la mgonjwa wake havikumwokoa yeye.

Tangu miaka ya 1990 wataalamu wamejaribu kuwadunga wagonjwa jeni na protini za kuotesha mishipa mipya mguuni na moyoni. Matumaini yapo, lakini majaribio makubwa hayajaonyesha faida ya uhakika. Kwa hiyo babu alipewa dawa, akaamriwa aache tumbaku na atembee kila siku: maumivu yakija apumzike, kisha aendelee. Kila jioni mimi humsindikiza. Zamani tulisimama mara nne kabla ya kufika sokoni. Sasa ni mara moja. Mguu bado anao, na mnadani anafika.

Wenzangu, mzee wako akilalamika mguu, usimwambie ni uzee tu. Mpeleke hospitali mapema.