Bwana Lavoisier na moto wa ndani ya mwili

Wale wanaoshuka chini ya udongo wanajua: mahali taa ya moto inazimika kwa kukosa hewa nzuri, mutu naye hawezi kukaa pale. Taa na mutu wanakula hewa moja. Lakini nani alipima hesabu yake? Leo tunawapasha habari za Mufaransa mumoja, Antoine Lavoisier.

Alizaliwa Paris mwaka 1743. Baba yake alikuwa mutu wa sheria, naye akasoma sheria, lakini roho yake ilikuwa kwa mawe na dawa. Mwaka 1767 alitembea mu milima ya Vosges pamoja na mwalimu wake Guettard kuandika karta ya mawe na madini. Basi hata kazi yetu hakuwa mugeni nayo. Mwaka 1771 akaoa Marie-Anne Paulze, mwenye miaka 13 tu. Bibi huyo akajifunza kuchora, tena Kiingereza, ili amsomee bwana yake vitabu vya wataalamu wa kule.

Lavoisier alikuwa na tabia moja: kupima. Kila kitu juu ya mizani, mbele ya kazi na nyuma yake. Hivi akaona ya kwamba makala ikiungua inakamata sehemu moja ya hewa, ile aliyoiita oksijene, na kutoa hewa nyingine nzito. Na mutu akipumua? Sawasawa.

Wakati wa baridi, 1782 kuingia 1783, yeye na mwenzake Laplace wakafungia kobayi, kale kanyama kadogo ka kufuga, mu chombo kilichozungukwa na barafu. Wakangoja masaa 10. Barafu iliyoyeyuka ilikuwa karibu gramu 400. Wakaunguza na makala, mpaka itoe hewa nzito kama ile ya kobayi, wakapima joto lake. Halikulingana kabisa, lakini lilikaribia. Kumbe mnyama ni jiko! Chakula njo kuni zake, pumzi njo moshi.

Alikosea kitu kimoja: alifikiri moto unawaka mu mapafu. Wataalamu wa nyuma walionyesha kama unawaka mu mwili muzima, ndani ya seli, vile vyumba vidogo sana ambavyo jicho haliwezi kuviona. Bukari tunayokula inageuka sukari, damu inaipeleka, na kila seli inaivunja polepole kwa oksijene, pasipo ndimi za moto. Njo tunapata nguvu na joto.

Miaka michache nyuma ya kobayi akapima kijana wake wa kazi, Seguin. Akikaa bure, tumbo tupu, Seguin alimaliza kiasi cha lita 24 za oksijene kwa saa moja. Akikanyaga chombo cha kuinua uzito kwa muguu, lita zilipita 60. Hapo Lavoisier akaandika jambo linalotugusa sisi: maskini anayetumika anaunguza zaidi ya tajiri aliyekaa, na njo yeye anayepata chakula kidogo. Mama anayepima unga wa posho nyumbani alilijua zamani; sasa lilikuwa hesabu.

Lakini tuseme kweli yote. Utajiri wa bwana huyu ulitoka mu kodi. Tangu 1768 alikuwa mumoja wa kampuni iliyokusanya kodi za mfalme, tena alitoa shauri la kujenga ukuta kuzunguka Paris, ili vyakula na divai visiingie bila kulipiwa. Watu wa muji wakauchukia ukuta ule na wenyewe. Mapinduzi yalipofika wakamkamata, na tarehe 8 Mei 1794 akakatwa kichwa pamoja na wenzake 27 wa kodi, baba mukwe wake katikati yao. Alikuwa na miaka 50.

Marie-Anne alipoteza baba na bwana siku ile moja. Naye akafungwa kidogo; alipotoka, akachapisha maandiko ya bwana yake. Mu picha moja aliyochora tunamuona Seguin, uso umefunikwa, muguu juu ya chombo, na wengine wanamuzunguka. Pembeni, kwenye meza, bibi mwenyewe anaandika hesabu.