Krapf, Mgeni wa Kimweri

Ukisafiri kutoka Korogwe kwenda Mombo, milima ya Usambara inakusindikiza upande wako wa kulia. Huko juu ndiko Vuga, alikokaa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa. Mwaka 1848 alimpokea mgeni aliyekuja kwa miguu kutoka Mombasa, Mjerumani aitwaye Johann Ludwig Krapf. Hakuwa wa Kanisa letu. Alikuwa Mlutheri aliyetumwa na chama cha wamisionari wa Kianglikana, CMS. Lakini sisi tunaosoma Neno la Mungu kwa Kiswahili kila Jumapili tuna deni kwake, na deni halina dhehebu.

Alizaliwa mwaka 1810, mtoto wa mkulima. Alihudumu kwanza Ethiopia, akafukuzwa, na mwaka 1844 akafika Unguja, kisha Mombasa. Hapo angeweza kuanza kuhubiri kwa mkalimani, kama wengi walivyofanya. Yeye alikwenda kuketi na kadhi wa Mombasa, Mwislamu, na tarehe 8 Juni mwaka huohuo wakaanza pamoja kukitafsiri kitabu cha Mwanzo. Hebu fikiri, msomaji: mwalimu wa Injili anakuwa mwanafunzi wa kadhi. Mwezi uliofuata homa ilimwua mkewe, Rosine, na mtoto wao wa kike aliyekuwa amezaliwa siku chache tu. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani. Alipopata nafuu alirudia kazi yake ya maneno.

Mwaka 1850 alichapisha sarufi ya Kiswahili, akiandika kwa herufi za Kirumi lugha ambayo wenyewe walikuwa wakiiandika kwa herufi za Kiarabu. Mwaka huohuo alitoa msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki. (Ndugu zangu wa Handeni msiutafute humo Kizigua, hakimo. Kisambaa nacho hakimo.)

Sasa tazama upande wa pili. Zile sura tatu za kwanza za Mwanzo zilichapwa mwaka 1847, lakini Marekani, ndani ya jarida la wasomi. Mswahili gani angezisoma huko? Na Kimweri alikuwa amekubali walimu waje. Krapf alimrudia mwaka 1852, akapokewa vizuri tena. Mwaka 1853 afya ilimshinda akarudi Ulaya, na mwenzake Erhardt akapanda Vuga, akakaa miezi michache, akaondoka. Kituo hakikujengwa. Mwaka 1868 ndipo wamisionari wengine wa Kianglikana walipojenga Magila, upande wa Muheza.

Mimi namlaumu kidogo. Krapf alikuwa na ndoto ya mlolongo wa vituo kutoka pwani yetu hadi pwani ya magharibi ya Afrika. Ndoto ilikuwa kubwa mno, na mlima mmoja uliokwisha kufungua mlango ukabaki unangoja. Hata leo wasomi huja vijijini kwetu na madodoso, wanawauliza kina mama juu ya maji, uzazi na mahindi, wanaandika, wanaaga. Majibu yanakwenda kukaa kwenye maktaba ya chuo. Nawe unayewafundisha wakatekumeni Kwamsisi au Bungu, jiulize: ni lini mara ya mwisho uliketi kwa bibi wa kijiji akakusahihisha neno?

Lakini tusimwonee mzee huyu. Mwaka 1862 alirudi tena pwani, mgonjwa vilevile, kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi Ribe. Kisha aliishi Korntal, Ujerumani, akiendelea na maneno yake. Tarehe 26 Novemba 1881 alikutwa amefariki, amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka London mwaka uliofuata, maana za maneno zikielezwa kwa Kiingereza.