Mwezi Gisabo: Mfalme wa Burundi aliyekatazwa kuliona ziwa

Mfanyabiashara anayepakia mawese Rumonge kwenda Kigoma, au anayeshusha mzigo uliotoka Uvira, anasimama mahali ambapo mfalme mashuhuri wa Burundi hakutakiwa kufika. Mwezi Gisabo alitawala kwa zaidi ya nusu karne. Hata hivyo, masimulizi ya Warundi yanasema wafalme wao walikuwa na mwiko wa kuliona Ziwa Tanganyika. Aliyeaminika kuifungulia nchi nzima msimu wa kupanda hakuwa na ruhusa ya kukanyaga ufuko wake.

Mwiko huo unaonyesha jinsi utawala wake ulivyopangwa. Uwezo wa mfalme, ukiwamo ule wa miujiza, ulikuwa mkubwa, lakini uliwekewa mipaka.

Gisabo alizaliwa karibu mwaka 1840, mtoto wa Ntare Rugamba, mfalme aliyeipanua Burundi kwa vita. Baba yake alipofariki, karibu mwaka 1850, yeye alikuwa bado mdogo. Kaka yake mkubwa, Ndivyariye, akashika serikali kwa niaba yake. Gisabo alipokua ilimbidi apigane na kaka huyo ili atawale mwenyewe. Tangu hapo wazao wa Ntare, yaani Batare, na wazao wa Mwezi, yaani Bezi, wakawa mahasimu. Uhasama huo ulionekana tena katika siasa za kudai uhuru.

Kila kundi na kazi yake

Kilele cha mwaka kilikuwa Umuganuro, sherehe ya mtama iliyofanyika karibu mwezi Desemba. Mfalme alibariki mbegu, ngoma takatifu Karyenda ikatolewa, na ndipo wakulima wakawa huru kupanda. Watu waliamini kwamba mvua, rutuba na afya ya mifugo vilitegemea baraka hiyo.

Lakini Gisabo hakuweza kuifanya peke yake. Siri za ibada zilikuwa mikononi mwa koo maalumu, abanyamabanga, nyingi zikiwa za Wahutu. Ngoma zilitunzwa na koo za wapigaji, kazi iliyorithiwa kutoka baba hadi mwana. Wapiga ramli, abapfumu, ndio walioagua. Abashingantahe, wazee wenye fimbo ya haki, walikata mashauri vijijini. Wana wa ukoo wa kifalme, baganwa, waliongoza mikoa na kupeleka watu vitani.

Hivyo mwenye mikuki hakuwa na siri ya ngoma, na mwenye siri ya ngoma hakuwa na jeshi. Mfalme aliyewadharau watunza siri alijinyima Umuganuro, na bila Umuganuro ufalme wake ulibaki jina tu. Mizani hiyo ndiyo iliyomweka Gisabo madarakani miaka yote hiyo.

Alama yake ipo hadi leo Gishora, karibu na Gitega. Inasimuliwa kwamba Gisabo alianzisha makao hayo ya ngoma baada ya kumshinda chifu mwasi, Ntibirangwa. Ngoma za Ruciteme na Murimirwa zimetunzwa hapo, na mwaka 2014 UNESCO iliutambua uchezaji wa ngoma za kifalme kuwa urithi wa binadamu.

Bunduki zafika ufukweni

Amri ya mfalme ilikuwa hafifu katika ukanda wa Imbo, kandokando ya ziwa. Wamisionari Wakatoliki walifika Rumonge mwaka 1879, na Mei 1881 watatu kati yao wakauawa huko. Kutoka Ujiji alikuja Rumaliza, jina lake halisi Muhammad bin Khalfan al-Barwani, mtu wa pwani na mshirika wa Tippu Tip. Watu wake walikuwa na bunduki, na walitafuta pembe za ndovu na watumwa.

Katika miaka ya 1880 Rumaliza alitamba ufukweni, lakini alishindwa kuuteka ufalme wa milimani. Walioamini nguvu za mfalme walikuwa na jibu lao. Sababu nyingine zilionekana kwa macho: milima mikali, watu wengi na mishale mingi. Wakati huohuo biashara haikukatika. Mawese ya Warundi yalivuka kwenda Ujiji, na chumvi ya Uvinza ikapanda milimani.

Gisabo mwenyewe alifichwa mno na watu wake. Mwaka 1892 mvumbuzi Oscar Baumann alipita nchini akishangiliwa kana kwamba yeye ndiye Mwezi aliyerudi. Aliondoka akidhani Burundi haina tena mfalme.

Mizani yavunjika

Wajerumani walipojenga kambi Usumbura, Bujumbura ya leo, Gisabo aliwapinga kwa miaka kadhaa. Bunduki zao zilikuwa nyingi, lakini pigo kubwa lilitoka nyumbani. Mkwe wake Maconco na mpinzani wake Kilima walijiunga na wageni. Hakukuwa na ngoma wala ramli ya kuziba ufa huo.

Tarehe 6 Juni 1903 huko Kiganda, Gisabo alikubali mamlaka ya Wajerumani mbele ya Kapteni von Beringe. Alitozwa ng'ombe 424, na ikambidi awatambue Maconco na Kilima kuwa watawala wa sehemu zao. Hata hivyo, wakubwa wa Kijerumani baadaye waliona ni rahisi kutawala kupitia mfalme kuliko kupitia waasi. Wakamgeuka Maconco, naye akauawa mwaka 1905. Mwaka uliofuata Kilima alipelekwa uhamishoni.

Gisabo alifariki Agosti 1908. Mwanawe Mutaga alirithi akiwa bado kijana, na nguvu za kiti zikazidi kupungua. Chini ya Wabelgiji, Umuganuro wenyewe ulikoma. Mkoloni alimwacha mfalme na cheo chake, lakini aliwaondolea kazi watunza siri na wengine waliokuwa wakimwekea mipaka, na ambao ndio waliokuwa wakimbeba.