Paul Gerhardt, Mtungaji wa Nyimbo

Wengi wetu tumeziimba nyimbo za Paul Gerhardt bila kujua habari zake. Yafaa tuzijue, hasa sisi tunaotamani kutunga nyimbo kwa lugha zetu.

Alizaliwa mwaka 1607 huko Gräfenhainichen, Ujerumani. Alipokuwa na miaka 11 vita ikaanza, ikaiharibu nchi yake miaka 30, hata 1648. Wazazi wake walikufa angali kijana mdogo. Alijifunza elimu ya Mungu Wittenberg, kisha akafundisha watoto Berlin. Huko Johann Crüger, mwalimu wa waimbaji katika kanisa la Mtakatifu Nikolao, alizipenda nyimbo zake, akapiga chapa 18 katika kitabu chake cha mwaka 1647. Gerhardt mwenyewe aliwekwa kuwa mchungaji mwaka 1651, naye ana miaka 44.

Tukitazama desturi yake ya kutunga, twaona kwamba alianzia katika Neno. Wimbo wake wa kumwachia Mungu njia zetu una beti 12. Maneno yaanzayo beti hizo, yakisomwa kwa kufuatana, ni aya ya Zaburi 37:5 kwa Kijerumani. Tena nyimbo nyingi alizipima kwa sauti ambazo watu walikwisha kuzizoea. Aliimba habari za asubuhi na jioni, maua na ndege, mateso ya Bwana, tumaini, na kufa. Mara nyingi husema „mimi‟, walakini kila mwenye huzuni huona maneno hayo kuwa yake.

Mwaka 1666 aliondolewa katika kazi yake Berlin, kwa kuwa alikataa kutia sahihi amri ya mtawala juu ya mahubiri, akiona yaipinga ahadi yake ya uchungaji. Wengine husimulia kwamba wimbo ule wa tumaini aliutunga wakati huo wa kufukuzwa. Sivyo, ulikuwa umekwisha kupigwa chapa mwaka 1653. Wimbo ulitangulia, jaribu likafuata. Mwaka 1668 mkewe akafa. Na katika watoto wao watano, wanne walikufa wangali wachanga. Basi ikampasa kuyashika yeye mwenyewe maneno aliyowapa wengine. Alikufa Lübben mwaka 1676, akiwa mchungaji wa mji huo.

Nasi tunaoanza kutunga tujifunze kwake. Tusitafute maneno makubwa. Tuchukue aya moja, tuitafakari hata itulie moyoni. Tuchague sauti ambayo hata mama mzee asiyejua kusoma aweza kuifuata. Tusifanye haraka kupiga chapa: kwanza tuwape watu waimbe, tusikilize mahali wanapokwama. Na tusiandike neno tusilokuwa tayari kuliimba siku ya msiba wetu wenyewe.