Berson na Anga la Ikweta

Aghalabu tunapotaja El Nino hukumbuka mafuriko ya 1997 na 1998, yaliyokata barabara za Garissa na kufuatwa na homa ya Bonde la Ufa iliyoua watu na mifugo. Ni wachache wanaofahamu kwamba mmoja wa waliotufungulia siri za anga la ikweta aliifanya kazi hiyo papa hapa Afrika Mashariki, kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza.

Arthur Berson alizaliwa 1859 katika mji wa Nowy Sącz, ambao leo umo Poland. Sifa zake alizipata Ujerumani kwa kupaa kwa baluni. Mwaka 1894, akiwa peke yake, alipita mita 9,000. Julai 31, 1901, yeye na Reinhard Süring walikaribia mita 10,800, wakazirai wote wawili ingawa walikuwa na oksijeni. Mtu mwingine angalitosheka hapo. Vipimo vyao, hata hivyo, vilisaidia kuthibitisha kwamba vyombo vilivyorushwa bila mtu viliaminika, na mwaka uliofuata wataalamu wakatangaza kuwako kwa tabaka la juu liitwalo stratosfia.

Mwaka 1908 Berson alikuja kwetu. Juu ya Ziwa Victoria alirusha baluni zilizobeba vyombo vya kujiandikia vipimo, naye akakuta mambo mawili ya ajabu. La kwanza ni upepo wa magharibi, ilhali majivu ya volkano ya Krakatoa, iliyolipuka 1883, yalikuwa yamesukumwa na upepo wa mashariki. Kitendawili hicho hakikuteguliwa hadi miaka ya 1960: pepo hizo mbili hupokezana zamu, na mzunguko mmoja huchukua takriban miezi 28.

La pili, nalo kwangu ndilo kubwa, ni baridi. Karibu na mlango wa stratosfia juu ya ikweta, hewa ilikuwa zaidi ya digrii 80 chini ya sufuri, baridi kuliko juu ya Ulaya. Baridi hiyo ni mtego: mvuke unaopanda kutoka baharini huganda humo, na unaopenya ni sehemu chache tu katika milioni. Bahari ya Pasifiki inapopata joto wakati wa El Nino, au kupoa wakati wa La Nina, ukali wa mtego hubadilika, na kiasi cha mvuke kinachopita hubadilika pia. Mvuke huo, ujapokuwa haba, huathiri joto la dunia nzima.

Berson alifariki Berlin mwaka 1942. Garissa iko karibu na ikweta ileile aliyoichunguza, na wafugaji wake wanaita mvua za vuli Deyr. Deyr ndiyo msimu unaozidi El Nino ijapo, kama 2023, na kupungua katika La Nina, kama ilivyokuwa tangu 2020 hadi 2022 mifugo ilipoangamia. Mimi mwanaisimu naona utabiri wa msimu huo ungefaa kuandikwa kwanza kwa Kisomali, na Deyr itajwe kwa jina lake, kabla mfugaji hajaanza kuhamisha ngamia.