Daktari wa Mengo na Ugonjwa wa Aibu

Ujiji inatajwa duniani kote kwa sababu ya mwaka 1871, Stanley alipomkuta Livingstone. Wachache hukumbuka kwamba Stanley alirudi huku mwaka 1876, akitokea kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, alikoandika barua ya kuomba wamisionari. Njia iliyofunguliwa na barua ile ndiyo iliyomfikisha Mengo, Februari 1897, daktari kijana wa Kiingereza, Albert Cook.

Cook alizaliwa London mwaka 1870, akasomea udaktari Cambridge na katika hospitali ya St Bartholomew. Alisafiri kutoka Mombasa kwa miguu, na mwaka ule ule akaanza kutibu wagonjwa katika nyumba ya nyasi. Katika msafara wake alikuwamo muuguzi Katharine Timpson, ambaye alimwoa mwaka 1900. Mwaka 1902 radi iliiteketeza hospitali yao; wakaijenga upya.

Ugonjwa uliomshughulisha kupita mengi ulikuwa kaswende. Aliona vidonda, mimba zilizoharibika na watoto waliozaliwa wafu, akaamini kwamba taifa zima limo hatarini. Mwaka 1908 Kanali Lambkin wa jeshi la Uingereza alitangaza kwamba zaidi ya nusu ya Waganda wameambukizwa. Lawama ikawaangukia hasa wanawake, ikadaiwa kwamba uhuru wao umezidi. Ukafuata mtindo wa kuwalazimisha watu kupimwa na kutibiwa, na mwaka 1913 ikafunguliwa Mulago hospitali ya maradhi hayo.

Lakini hesabu ile ilikuwa na ufa. Kipimo cha damu kilichovumbuliwa mwaka 1906 hakikuweza kutenganisha kaswende ya zinaa na buba, wala na ile kaswende ambayo watoto huambukizana kwa kugusana na kuishi pamoja. Mwaka 1956 mtaalamu J. N. P. Davies alionyesha kwamba kaswende ya namna hiyo ilikuwa imekita mizizi miongoni mwa Waganda, na wengi waliipata utotoni. Basi watu wasiohesabika walibebeshwa aibu ya uzinzi kwa ugonjwa walioupata wakicheza na wenzao.

Kosa hilo halifuti mema ya Cook. Mwaka 1917 alianza kuwafundisha vijana wa Kiafrika uganga wa kisasa, na Katharine akaanzisha chuo cha wakunga ili watoto wachanga waokoke. Cook alipewa cheo cha Sir mwaka 1932, akafariki Kampala mwaka 1951, wakati penisilini ilikwisha kuifanya kaswende kuwa ugonjwa wa kutibika kwa sindano.

Maisha yake yana funzo kwa watumishi wa serikali, na kwa wananchi wa visiwani na wa mwambao huu, ambako vyombo huleta wageni kila siku kutoka Kongo, Burundi na Zambia. Takwimu zinapotoka, ziulizwe zimepatikanaje kabla hazijageuzwa kuwa amri. Na mgonjwa anapofika zahanati, iwe Kibirizi au Ujiji, apimwe faraghani, aitwe na mwenziwe atibiwe pamoja naye, wala asihojiwe tabia yake mbele za watu. Aliyeaibishwa mara moja harudi tena; hubaki nyumbani na ugonjwa wake, akiwaambukiza wengine.