Luigi Broglio na Majukwaa ya Ngomeni

Marehemu Profesa Luigi Broglio alizaliwa Mestre, karibu na Venice, mwaka 1911. Alisomea uhandisi, akalitumikia jeshi la anga la Italia hadi akawa jenerali. Hata hivyo, sifa zake hazikutokana na upanga. Zilitokana na Chuo Kikuu cha Roma, alikofundisha uhandisi wa vyombo vya anga, na mwambao wa Malindi, ambako nadharia zake zilitiwa kwenye mizani.

Mizani hasa, maana swali lililomshughulisha lilikuwa hili: hewa ya juu kabisa, iliyo nyepesi mno, ina msongamano gani? Broglio aliigeuza setilaiti nzima kuwa kipimo. Ganda la nje, la mviringo kama mpira, liliunganishwa na kiini kizito kwa mikono yenye kunyumbuka. Hewa ilipolikinza ganda, mikono ilipinda kidogo sana, na vihisio vya kielektroniki vikaugeuza mpindo huo kuwa ishara zilizotumwa ardhini kwa redio.

San Marco 1 ilirushwa na Waitaliano kutoka Wallops, Marekani, tarehe 15 Desemba 1964. Lakini Broglio alitaka kuipima hewa ya juu ya ikweta. Ngomeni, takriban digrii 3 kusini mwa ikweta, palimfaa: mzunguko wa dunia huiongezea roketi kasi, na upande wa mashariki ni bahari tupu. Majukwaa yenye miguu ya chuma yakasimamishwa katika Ghuba ya Ungwana, na tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 ikapaa kwa roketi ya Kimarekani aina ya Scout.

Tukio linalowahusu zaidi wapenzi wa Kiswahili ni la tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru. Siku hiyo ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza eksirei kutoka angani. Marjorie Townsend, aliyeusimamia mradi huo, aliiita Uhuru kwa heshima ya wenyeji. Data zake zilichangia kulishuku gimba la angani Cygnus X-1 kuwa shimo jeusi, na orodha yake ya nne, ya mwaka 1978, ilikuwa na vyanzo 339. Hadi leo wanaastronomia huviita vyanzo hivyo kwa alama ya 4U, na hiyo U ni ya neno letu, ijapokuwa wengi waiandikao hawajui.

Jina lilikuwa la Kiswahili. Uchambuzi wa data ulifanyika ng'ambo. Pwani ilitoa bahari, anga na neno, na ni vigumu kusema kwamba mgawanyo huo ulikuwa wa haki. Lawama hiyo haiwezi kutwikwa Broglio peke yake, kwani mikataba ilikuwa ya serikali. Lakini mradi ulikuwa wake, na mwanafunzi wa Kilifi wa miaka hiyo aliziona roketi kwa mbali tu.

Setilaiti tisa zilirushwa kutoka hapo, ya mwisho tarehe 25 Machi 1988. Broglio alifariki Januari 2001, na kituo cha Ngomeni, ambacho kiliendelea kupokea ishara za setilaiti baada ya roketi kukoma, kikapewa jina lake.